Saruji ya msingi kwenye udongo wa chumvi: soma herufi kabla ya namba

Nilichuchumaa kwenye msingi wa nyumba moja ya pwani, nikabonyeza kona yake kwa kidole gumba. Zege likameguka kama kashata iliyopigwa na unyevu. Mwenye nyumba alinunua saruji ya 42.5 kwa kuambiwa ndiyo ngumu. Ni kweli, lakini namba hiyo hupima nguvu ya kubeba mzigo baada ya siku 28. Kuhusu salfeti, chumvi inayoshambulia zege, haisemi kitu.

Salfeti imo kwenye udongo wenye jipsamu, maji ya bahari na maji mengi ya visima vya chumvi. Ikiingia ndani ya zege hukutana na alumineti, kimojawapo cha viambato vya saruji, zinajengeka fuwele zinazovimba, na zege hupasuka.

Kwa hiyo dukani geuza mfuko, tafuta neno CEM; herufi na namba zinazolifuata ndizo zinazotaja aina ya saruji.

Chaguo langu la kwanza ni CEM IV au CEM III/B, na zikiwa na herufi SR, yaani inayostahimili salfeti, ni bora zaidi. CEM IV ya kwetu kwa kawaida ina pozolana, yaani majivu ya volkano; CEM III/B ina slagi ya tanuri la chuma, asilimia 66 hadi 80. Klinka, ile sehemu kuu ya saruji inayochomwa tanurini, inapungua, chokaa huru inaliwa, vitundu vinaziba. Watu huidharau pozolana kwa sababu mara nyingi huja kwenye mfuko wa 32.5 na hukomaa polepole. Kwa msingi mimi naisubiri.

La pili, CEM I-SR 3, yenye alumineti isiyozidi asilimia 3 kwenye klinka. Kwa udongo wa jipsamu ni nzuri sana. Ila kando ya bahari, penye nondo, naishusha: alumineti hiyohiyo ndiyo inayosaidia kunasa kloridi, chumvi ya bahari inayotia kutu, isifike kwenye chuma.

La tatu, CEM II/B-P, ambayo P yake ni pozolana. Mwisho kabisa, CEM II yenye herufi L, ambayo L yake ni nyongeza ya unga wa mawe ya chokaa tu, pamoja na CEM I isiyo na SR.

Ukiuziwa jivu la makaa ya mawe uchanganye mwenyewe, uliza lina chokaa kiasi gani. Likiwa na chokaa nyingi linaweza kuzidisha madhara.

Halafu simama karibu na fundi. Mfuko wa kilo 50 usipate maji zaidi ya lita 22, pamoja na yaliyomo kwenye mchanga uliolowa. Akilalamika zege ni zito, mnunulie dawa ya kulainisha, ndoo ya pili mkatalie. Kisha funika kwa magunia na umwagilie siku zisizopungua 10.