Kuwahamisha mbuzi wenye mimba kwa keri, Micheweni hadi Kengeja, Pemba: uzoefu wangu

Mwaka jana nilipoteza mimba mbili kwa ubahili wangu. Nilinunua mbuzi wawili Konde, nikawapandisha juu ya gari ya abiria, miguu imefungwa, wametiwa kwenye magunia vichwa nje, kama tunavyowaona wengi siku za Idd zikikaribia. Mmoja alifika tumbo limevimba kama ngoma. Mbuzi ni mnyama wa kucheua. Ukimlaza ubavu muda mrefu gesi haipati pa kutokea. Wa pili alishuka akatembea vizuri, nikashukuru. Siku ya nne asubuhi nikakuta bandani vitoto viwili havijaota hata manyoya. Yule wa tumbo naye akafuata wiki ile ile.

Kwa hiyo mara hii, nilipopata mbuzi wengine Micheweni, niliamua kukodi keri nzima, kile kigari kidogo cha mizigo. Kijana mwenye gari nilielekezwa na jamaa wanaofuga, wakasema ndiye anayejua kubeba mifugo. Alitaka shilingi 70,000. Jirani yangu akaniuliza kama nawapeleka harusini.

Kwanza niseme kuhusu kuchagua nani asafiri, maana hapo gari nzuri haikusaidii. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, miezi mitano. Muuzaji alikuwa anakumbuka beberu aliingia lini, tukapiga hesabu, watano walikuwa kwenye miezi mitatu hivi. Wa sita kiwele kimeshajaa na kiuno kimelegea kwenye shina la mkia. Huyo nilimlipia nikamwacha azae huko huko. Ulaya wameliweka hili kisheria, mnyama aliyefikisha asilimia 90 ya mimba hasafirishwi, na kwa mbuzi hiyo ni kama siku ya 135. Muuzaji alitaka pia kuwapa dawa ya minyoo "waondoke wasafi". Nikakataa. Albendazole si dawa ya kumpa mbuzi mwenye mimba changa, inaweza kuharibu kiumbe, na miezi yenyewe tulikuwa tunaihesabu kwa kumbukumbu ya mtu. Isitoshe, kumkamata mnyama kwa nguvu na kumfungua mdomo asubuhi ya safari ni kumuongezea babaiko tu.

Kijana alifika saa kumi na moja, baada ya sala ya alfajiri, kama tulivyopatana. Barua ya sheha na karatasi ya bwana mifugo nilikuwa nazo tayari. Kwenye bodi alikuwa ametandaza mchanga mkavu, na juu yake majani makavu ya mgomba, mengi, mpaka bati halionekani. Bati tupu likilowa mkojo huwa kama sabuni, na mbuzi akiteleza anaangukia tumbo. Katikati aliziba kwa ubao, watatu mbele na wawili nyuma, yule mwenye pembe ndefu akawekwa na mwenzake aliyemzoea. Kumbe nafasi nayo ina kipimo chake. Ikiwa kubwa mno, kila breki inawarusha. Ikibana, aliyelala anakanyagwa.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni namna alivyowapandisha. Hana ngazi ya kupandia, na hilo namhesabia kasoro. Ila aliirudisha gari nyuma polepole mpaka kwenye kingo ya udongo nje ya boma, bodi ikawa sawa na ardhi, akashika tawi la majani ya mfenesi akaingia nalo yeye mwanzo. Mbuzi wa kwanza akanusa, akarudi, akanusa tena, akaingia. Wanne wakamfuata mwenzao bila kuvutwa mkia wala sikio. Robo saa nzima, na hakuna aliyelia. Kijana akacheka: "Mama, leo nimebeba waja wazito watano, tutakwenda mwendo wa bibi harusi."

Na kweli alikwenda hivyo. Pemba ni vilima na kona, na mbuzi aliyesimama anakaza miguu kila gari ikipinda. Kijana alipunguza mwendo kabla ya kona, hakungoja afike ndani yake. Penye karafuu zilizoanikwa kando ya njia alikuwa anatambaa tu. Nilikuwa nachungulia kwenye kioo cha nyuma, na kabla hatujafika mjini Chake Chake nikamuona yule mwenye doa jeupe usoni amelala, shavu linakwenda huku na huku. Anacheua! Mbuzi mwenye hofu hacheui.

Chake ndipo tulipokosana. Mvua ilikuwa imenyunyiza, akashusha turubai pande zote, kisha akasimama "dakika mbili" kwa chai. Dakika mbili zikawa ishirini, jua limeshatoka, na injini ameiacha inanguruma. Nilipoinua turubai joto likanipiga usoni pamoja na moshi. Wawili walikuwa wanahema midomo wazi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliomba radhi, tukafungua mbele na nyuma upepo upite, tukawapa maji kwenye ndoo na majani kidogo. Majani ni muhimu. Mbuzi mwenye mimba, hasa ya pacha, hashindishwi njaa. Mwili unaanza kula mafuta yake mwenyewe na hiyo inageuka sumu.

Kengeja hakuna kingo, kwa hiyo tuliwabeba kuwashusha, mkono mmoja kifuani, mwingine nyuma ya mapaja, si chini ya tumbo. Niliwaweka banda la peke yao wiki mbili, mbali na wangu wa zamani, kwa ajili ya maradhi na kwa ajili ya kupigana vilevile.

Leo ni wiki ya tisa. Watatu wameshazaa, mmoja pacha, vitoto vyote vinanyonya. Mmoja yuko siku zake za kuzaa. Wa tano bado simuelewi, naanza kushuku beberu hakumpanda, hana mimba.

Nitamwita tena kijana yule mwezi ujao, kumchukua yule wa sita na mwanawe. Nimeshamwambia mambo mawili: atengeneze ubao wa kupandia, na turubai lifungwe juu tu. La tatu sikumwambia. Nitakwenda na chupa yangu ya chai na mikate ya kumimina, tusiwe na haja ya kusimama Chake.