Malenia wa Elden Ring: uzoefu wangu na bosi anayerudisha uhai

Nimepambana na mabosi wagumu wa kila aina, yaani wale maadui wakubwa wa kwenye gemu, na bado namweka Malenia juu ya wote. Wanaoua haraka ni wengi. Yeye kila pigo lake linalokupata humrudishia uhai. Unamkata, unamkata tena, mstari wake mwekundu wa uhai unafika nusu, kisha anakugusa mara mbili na mstari unapanda mbele ya macho yako. Pambano zima limejengwa juu ya jambo hilo moja, na kila mbinu iliyonisaidia ilitokana na kulielewa.

Kwa asiyeijua gemu yenyewe: Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022. Imetengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya Hidetaka Miyazaki, na historia ya kale ya dunia yake ilitungwa kwa msaada wa mwandishi George R. R. Martin. Mimi naichezea kwenye PS4. Inajihifadhi yenyewe kila wakati, kwa hiyo hata umeme ukikatika ghafla hupotezi kazi ya jioni nzima, na kwetu hilo si jambo dogo.

Malenia si wa lazima. Unaweza kuimaliza gemu bila kumwona kabisa. Anayemtaka lazima amtafute: nusu moja ya medali ya siri iko Village of the Albinaurics, ndani ya kile kinachoonekana kama chungu cha kawaida, na nusu ya pili iko Castle Sol, nyuma ya bosi mwingine, Commander Niall. Ukiwa nazo zote mbili, unapanda lifti kubwa ya Rold, unavuka uwanda wa theluji usioona mbele, unawasha taa za mji wa Ordina, kisha unateremka matawi ya mti wa Haligtree hadi kwenye mizizi yake. Huko chini ndiko alikokaa, mwanamke mwembamba mwenye mkono wa bandia, akimsubiri pacha wake Miquella. Nilipenda sana kwamba safari yenyewe inakuandaa. Ukimfikia, tayari umeshazoea kupigana ukiwa umechoka.

Nianze na maandalizi, maana hapo ndipo wengi wanapotaka njia ya mkato. Pandisha Vigor, kipimo kinachoongeza uhai wa mhusika wako. Vigor ya 40 inakupa uhai wa 1,450, ya 60 inakupa 1,900, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utabaki umesimama baada ya kukosea hatua moja. Silaha iwe imeboreshwa hadi mwisho wake, +25 kwa zile za kawaida au +10 kwa zile za pekee. Yeye ana uhai wa 18,473 katika awamu ya kwanza, na awamu ya pili anaianza na asilimia 80 ya huo. Ukienda na upanga wa +15 utakuwa unamkuna tu, na atakachorudisha kitazidi ulichoondoa.

Sasa ngao. Hadi kufika hapo, ngao kubwa imeshamwokoa mchezaji mara nyingi. Kwa Malenia, panga lake likigusa ngao yako, hata kama hujapoteza tone la uhai, yeye bado anapona. Ngao yako inageuka dawa yake. Wapo waliomshinda kwa ngao nzito na mkuki, wakimchoma kutoka nyuma ya chuma bila kumpa nafasi, na ninawaheshimu. Ila kwa mchezaji wa kawaida ushauri wangu ni huu: iache, shika silaha kwa mikono miwili au shika mbili, na ujifunze kukwepa.

Kuna jambo la kutia moyo ambalo halisemwi vya kutosha. Malenia ni mwepesi kuyumba. Mabosi wakubwa wa gemu hii hupigwa huku wakiendelea kushambulia kana kwamba mvua inawanyeshea, lakini yeye ukimpiga akiwa hajaanza shambulio zito, anashtuka na kurudi nyuma. Maana yake ni kwamba woga ndio unaokuua. Ukikaa mbali ukinywa chupa zako za kurudisha uhai, unampa yeye nafasi ya kuchagua. Ukimkaribia, ukampiga mara mbili, ukasita kidogo uone anaruka kwenda wapi, kisha ukamfuata tena, wewe ndiye unayeamua mwendo wa pambano. Pigo la tatu usilitamani. Mara nyingi hapo ndipo anapojifyatua na kujibu.

Silaha zinazomsumbua ni zile zinazoleta kuvuja damu na baridi kali. Mimi nilitumia Uchigatana, katana ambayo mhusika wa aina ya Samurai huanza nayo, nikaiwekea ujuzi wa Hoarfrost Stomp ili iwe na baridi pamoja na damu. Kila pigo hujaza kipimo cha damu, na kikijaa, kipande kikubwa cha uhai kinaondoka mara moja. Baridi ikimshika, kwa sekunde 30 anapokea madhara zaidi kwa asilimia 20. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaondoa uhai kwa mafungu makubwa, na yeye anaurudisha kwa vidogo vidogo.

Tuje kwenye lile shambulio ambalo limewafanya watu waweke pedi ya kuchezea chini na kwenda kulala: Waterfowl Dance, yaani ngoma ya ndege wa majini. Halitumii mwanzoni, anasubiri uhai wake ushuke chini ya robo tatu. Ghafla anaruka juu, anasimama hewani kidogo, upepo unamzunguka, kisha anakushukia na mvua ya panga. Kuna mawimbi matatu na pigo moja la kufungia. Ukinaswa na wimbi la kwanza lote, kwa kawaida umekwisha, na yeye amejaza mstari wake kwa damu yako.

Nililisoma shambulio hili kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote katika gemu, na ninasema kwa uhakika kwamba linakwepeka. Ukimwona anapanda, usibiringike. Kimbia. Mpe mgongo, kimbia moja kwa moja hadi wimbi la kwanza liishie nyuma yako. Hapo geuka. Wimbi la pili likija, biringika kuelekea kwake, upite chini yake, si kwenda kando wala nyuma. La tatu fanya vivyo hivyo. Pigo la mwisho linachelewa kidogo, na ule ucheleweshaji ndio mtego, kwa sababu kidole kimeshazoea mwendo wa haraka. Subiri, kisha biringika. Akitua, una nafasi ya kumpiga kabla hajajikusanya.

Tatizo ni pale anapopanda nawe umemkaribia mno, huna umbali wa kukimbia. Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza, zima ile kamera inayojifunga kwake (lock-on) na umzunguke kwa karibu sana wakati wa wimbi la kwanza, ukikimbia kama unayemfuata mgongoni. Panga zitakata hewa. Inahitaji mazoezi na ina raha yake ukiiweza. Ya pili ni chungu cha barafu, Freezing Pot. Kiweke tayari kwenye kitufe cha haraka. Akiwa anapanda, mrushie. Kikimpata, ngoma inakatika na anaanguka. Wapo wanaosema hiyo si haki. Mimi sikubaliani nao. Gemu imeweka chungu hicho kwenye mfuko wako, na kukitumia kwa wakati kunahitaji jicho kali kuliko kubiringika.

Jambo moja dogo lenye uzito: usimalize stamina yako kamwe akiwa chini ya robo tatu. Mtu asiye na pumzi ya kukimbia hana jibu lolote kwa ngoma ile.

Awamu ya pili inaanza na mandhari ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote katika gemu hii: mabawa ya vipepeo, nywele nyekundu zinazoruka, na ua kubwa la kuoza, ugonjwa unaokula uhai wako polepole. Usibaki ukishangaa. Anapaa mara moja na kukushukia. Kimbia kwenda kando mara tu unapopewa udhibiti, maana ua linachanua na kulipuka baada ya yeye kutua. Mlipuko ukiisha, yeye hubaki katikati bila ulinzi kwa muda kidogo. Ingia, piga, toka, kabla wingu la kuoza halijakushika, na uwe na vidonge vya Preserving Boluses vya kuuponya iwapo litakushika. Ataongeza pia vivuli vyake vinavyokurukia kimoja baada ya kingine. Kwa hivyo endelea kukimbia kwa upande na uhifadhi kubiringika kwa ajili ya yeye mwenyewe anayekuja mwishoni. Mengine yote ni yale yale uliyoyasoma katika awamu ya kwanza.

Kuhusu roho za msaada, zile unazoziita zipigane upande wako: Mimic Tear, anayepatikana Nokron, ni nakala yako mwenyewe na hugharimu uhai badala ya nguvu za uchawi. Anasaidia sana kumvuruga Malenia, ila kila anapopigwa, bosi anapona. Roho nyingine, Black Knife Tiche, ni bora zaidi kwangu kwa sababu anajua kukwepa. Vikundi vya askari wengi viache kabisa. Hao ni chakula chake.

Na kama unacheza ukiwa na intaneti, unaweza kumwita mtu. Mwaka 2022 alitokea mchezaji aliyejiita Let Me Solo Her, hana nguo ila kitambaa kiunoni, chungu kichwani na katana mbili mikononi. Aliwaomba wachezaji waliomwita wakae pembeni, akawa anampiga Malenia peke yake kwa niaba yao. Alifanya hivyo zaidi ya mara 1,000, na Bandai Namco, wachapishaji wa gemu hii, wakamtumia upanga halisi kama zawadi. Namtaja kwa sababu ukimtazama unaona ukweli wa bosi huyu: mtu asiye na silaha ya kinga hata moja alimshinda kwa kujua tu kila hatua yake. Kila kinachoonekana kama uonevu kina alama ya kukitangulia.

Kwa hiyo je, gemu hii ina thamani ya pesa yake? Kwangu ina thamani mara kadhaa, na Malenia ni sababu kubwa. Asiyetaka mateso atapata dunia kubwa na nzuri bila kumgusa.

Ukimshinda, peleka kumbukumbu yake (Remembrance), kitu anachokuachia, kwa bibi kizee Enia pale Roundtable Hold, makao ya wapiganaji ndani ya gemu. Atakupa uchague kati ya uchawi wa Scarlet Aeonia na upanga wake, Hand of Malenia. Mimi nilichukua upanga. Unahitaji vipimo vya Strength (nguvu) 16 na Dexterity (wepesi) 48, unaleta kuvuja damu, na una ile ngoma yenyewe. Mikononi mwako haikurudishii uhai, lakini maadui wa kawaida huyeyuka kabla hujatua chini.