9503 au 9504? Msimbo wa kichezeo cha chemshabongo

Waagizaji wengi wa vichezeo hukwama hapa: kwenye msimbo wa forodha, mzigo uandikwe 9503 au 9504?

Msimbo 9503 unakusanya wanasesere, magari madogo ya kuchezea na, kwa maneno ya mfumo wenyewe wa HS (mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa misimbo ya forodha), mafumbo ya kila aina. Maneno hayo yana uzito mkubwa. Picha ya vipande vya kuunganisha inaingia humo iwe ya mbao, plastiki au kadibodi. Nimeona watu wakiipeleka kadibodi kwenye sura ya 48 ya HS, ya karatasi, eti kwa sababu ya malighafi. Ni kosa: sura hiyo yenyewe inaviondoa vitu vya sura ya 95, yenye 9503 na 9504. Mchemraba wa rangi wa kuzungusha nao ni fumbo.

9504 ni ya michezo ya mezani: sataranji, dama, karata. Humo watu hushindana, kuna zamu na mshindi.

Kwangu mimi swali linaloamua ni moja: unalifumbua jambo, au unamshinda mtu? Fumbo lina jibu hata ukiwa peke yako. Kama boksi lina ubao, dadu na kanuni za alama, elekea 9504, hata kama jina lake ni "fumbo".

Kwenye ankara usiandike "vichezeo" tu. Taja idadi ya vipande, malighafi na namna kinavyochezwa. Tarakimu sita za mwanzo za msimbo kamili ni zilezile kwa nchi zote zinazotumia HS. Zinazofuata, pamoja na kiwango cha ushuru, hupangwa na kila nchi.