Pikipiki kubwa za safari zilizotumika: ipi uanze nayo, ipi uiache

Mtu akitaka ushauri wa pikipiki ya safari ndefu za lami, zile zenye kioo kikubwa mbele, masanduku pembeni na injini yenye damu ya spoti, mara nyingi swali lake la kwanza ni nguvu za farasi. Nguvu zipo za kutosha. Hata iliyo dhaifu kuliko zote kwenye orodha hii inalipita lori kwenye mlima wa Kitonga ukiwa umepakia mtu. La kuuliza ni hili: ikizimika Singida saa kumi jioni, nani ataifungua, na spea itatoka wapi?

Kwa hiyo mimi huangalia vitu vitatu. Cha kwanza ni saizi ya matairi. Ukipata 120/70-17 mbele na 180/55-17 nyuma umepona, kwa sababu ndiyo saizi ya pikipiki nyingi za spoti, na kila kampuni inayatengeneza: Michelin wana Road, Metzeler wana Roadtec, Pirelli wana Angel GT. Cha pili ni namna nguvu ya injini inavyofika tairi la nyuma: kwa shafti au kwa cheni. Cha tatu ni kila baada ya kilomita ngapi tapeti, yaani nafasi za vali, zinapimwa, maana kwenye injini nyingi za namna hii tapeti haikazwi kwa bisibisi na spana. Fundi anatoa kamshafti nzima na kubadilisha visahani vidogo vyenye unene tofauti, na visahani hivyo havipatikani kila duka.

1. Yamaha FJR1300

Naiweka juu bila kusita. Ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2001, injini ni ya silinda nne, cc 1,298, inaendeshwa kwa shafti, na matairi ni yale yale ya saizi ya kawaida. Tangi linabeba lita 25. Kwa mwendo wa kistaarabu Dar hadi karibu na Dodoma unafika bila kugusa sheli. Tapeti zinapimwa kila baada ya kilomita 40,000 na ushee, na wengi wakifungua wanakuta bado ziko ndani ya vipimo.

Toleo la pili, lililoanza 2006, lina ugonjwa mmoja wa kuujua kabla hujatoa hela. Nyaya kadhaa za ethi zinakutana kwenye viungio vidogo vya plastiki ndani ya mtandao wa nyaya. Kiungio kikipata kutu kinapata moto, plastiki inayeyuka, na unaanza kuona vituko: mara dashibodi inazimika, mara taa, mara injini yenyewe. Dawa yake ni rahisi: fundi umeme anaunganisha nyaya hizo na kuzipeleka moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Muulize muuzaji kama kazi hiyo imefanyika. Asipojua unazungumzia nini, hesabu kwamba haijafanyika.

Toleo la 2013 lina mtambo wa kushikilia mwendo wenyewe, na la 2016 likapata gia ya sita. Kama mfuko unaruhusu, nunua la 2013 kuendelea. Uzito ni karibu kilo 290, kwa hiyo mwenye miguu mifupi aipande kwanza ikiwa imesimama, aisukume kinyumenyume kwenye kokoto, ndipo aamue.

2. Yamaha Tracer 900 GT

Kwa anayesafiri peke yake, hii inaweza kuwa namba moja. Silinda tatu, cc 847, uzito chini ya kilo 220 bila masanduku. Kwenye matuta yetu, ambayo kila kijiji kinayo, tofauti ya kilo sabini unaisikia mgongoni na mikononi. GT ya 2018 ilikuja na masanduku, shokapu bora kuliko Tracer ya mwanzo ya 2015, na mtambo wa kushikilia mwendo. Tapeti ni kila kilomita 40,000, matairi ni saizi ile ile.

Kasoro zake ni mbili: tangi la lita 18, na cheni. Cheni kwenye vumbi inataka mtu mwenye nidhamu. Isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe oili yake kila jioni ya safari ndefu. Ukijijua wewe ni mvivu, rudi namba moja.

3. BMW R1200RT

Hakuna nyingine hapa inayokaa vizuri barabarani hivi kwa masaa mengi, na wa nyuma anakaa kama mgeni wa heshima. Zilizotoka kati ya 2005 na 2009 zina faida ambayo watu hawaisemi: tapeti zake ni za kukaza kwa bisibisi na spana, na silinda zimetokeza nje kulia na kushoto. Ukijifunza, unazifanya mwenyewe nyumbani. Utazifanya mara kwa mara, lakini, kila kilomita 10,000.

Wasiwasi uko kwenye difu, yaani boksi la gia linalopokea shafti kwenye tairi la nyuma. Isimamishe kwenye stendi ya kati, shika tairi la nyuma kwa mkono mmoja juu na mwingine chini, tikisa. Likicheza, beringi imechoka. Angalia pia kama kuna oili inayotoka pale difu inapokutana na ringi. Za mwaka 2005 na 2006 nyingi zina breki zinazosaidiwa na mota ya umeme. Utaisikia ikilia unapobana. Mota ile ikifa breki zinabaki na nguvu kidogo sana, na bei yake ni kubwa, kwa hiyo mimi ningeziruka. Ya 2014 yenye shokapu za umeme, dai ushahidi kwamba shokapu ya nyuma ilibadilishwa: mwezi Juni mwaka huo BMW yenyewe iliwaambia wenye nazo waache kuziendesha hadi ibadilishwe.

4. Honda NT700V Deauville

Haina sifa vijiweni, na ndiyo maana bei yake ni ya kibinadamu. Cc 680, silinda mbili, shafti, masanduku yameungana na bodi. Haikimbii. Kwa mtu anayetoka pikipiki ndogo na anataka kusafiri na mke wake kwa mwendo wa 100, ni chaguo la akili kabisa.

5. Honda ST1300 Pan European

Injini ya V4, yaani silinda nne zilizopangwa kama herufi V, inayodumu sana na tangi la lita 29. Naiweka chini kwa sababu ya tairi la mbele la inchi 18 na la nyuma la 170/60-17, saizi ambazo utazisubiri. Ni nzito kupita kilo 300, na polisi wa Uingereza waliacha kuitumia kwa sababu ya kuyumba kwenye mwendo mkali.

6. Kawasaki 1400GTR

Ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapa. Lakini tairi la nyuma ni 190/50, vipimaji upepo wa tairi vilivyo ndani ya ringi vina betri isiyobadilishwa, na ufunguo wake ni wa kielektroniki. Ukipoteza ufunguo huo ukiwa mbali na Kawasaki, umesimama.

Siku ya kukagua

Fika mapema na uweke mkono kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameficha namna inavyowaka asubuhi. Rudi kesho. Soma tarehe ya tairi: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Futa kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele uone kama sili zinavuja. Kama ilitoka Uingereza mita inaweza kuwa ya maili, na maili 40,000 ni kilomita 64,000. Kama ilitoka bara la Ulaya, taa yake fupi inamulika kulia, moja kwa moja machoni mwa anayekuja, kwa hiyo ingiza bei ya taa kwenye mazungumzo.

Hela ikibaki

Anza na matairi mapya, hata kama yaliyopo yana kashata. Kisha shokapu ya nyuma, kwa sababu baada ya kilomita 50,000 nyingi zimebaki jina tu, na kwenye matuta ukiwa na abiria ndipo utajua. Kisha siti. Oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hutembei. Kwenye zenye shafti, isipokuwa BMW, kila tairi la nyuma linapotolewa, mwambie fundi asafishe meno ya shafti na kuyapaka grisi yenye molibdenamu. Wengi wanalirudisha kavu, meno yanalika kimya kimya, na siku yakiisha injini inanguruma na pikipiki haiendi. Egzosi ya kelele iache dukani.