Ziara ya akina Carter kule Virginia: muziki nyota tano, mwongozaji sijui nimpe nini

Nilitaka kutoa nyota moja nikae kimya. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, maana nikimkumbuka yule bwana wa vani damu inachemka, na nikikumbuka usiku ule wa Jumamosi kule Hiltons hasira inayeyuka. Kwa hiyo msinishike sana na hizo nyota mnazoziona hapo juu.

Bei na ratiba tafuteni wenyewe. Kampuni ni ndogo, jina silitaji. Wanachukua watu mjini Bristol, mji ambao barabara yake kuu imekatwa katikati na mpaka, upande mmoja Tennessee, upande wa pili Virginia, wanawazungusha, halafu jioni wanawafikisha Hiltons, nyumbani kwa familia ya Carter, waimbaji wa mwanzo kabisa wa kantri kwenye sahani.

Mimi ni Mkipsigis wa Kenya. Kwetu kantri si muziki wa wageni. Mzee wangu alikuwa hali chakula cha Jumapili mpaka redio imtoshe, na Mkenya anayesoma hapa hahitaji nimweleze zaidi. Waliohitaji maelezo ni wenzangu wa kwenye vani. Kabla hata hatujaondoka, mwongozaji akanitazama juu hadi chini, akasema mbele ya watu: "Rafiki, hujapotea kweli? Bluzi iko Memphis. Hapa ni kantri." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo adabu tuliyofunzwa.

Nikamwambia taratibu kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika kwetu Kapkatet akarekodi wasichana wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri. Huyu Rodgers ndiye aliyerekodiwa Bristol tarehe 4 Agosti 1927, siku mbili tu baada ya akina Carter kumaliza zamu yao. Sahani zake zilifika kwetu, jina likageuka Chemirocha, naye akageuka nusu mtu nusu swala, na wale wasichana wanamhimiza acheze mpaka suruali imvuke. Yule bwana akasema, "Safi sana!" kwa ile sauti ya kumsifu mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano. Akawasha gari.

Haki yake nampa: hadithi ya 1927 anaijua kuisimulia. A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu ya Sara aliyeolewa na ndugu yake A.P., wameshuka kutoka bondeni kwa gari la kuazima, magurudumu yakitoboka njiani, Maybelle ana miaka 18 na tumbo la miezi mingi. Siku mbili, nyimbo sita, mbele ya Ralph Peer wa Victor, kampuni ya sahani za muziki. Alivyoeleza Maybelle alivyopiga gita, kidole gumba kikiutoa wimbo kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikipapasa nyuzi nyembamba kushika mwendo, hata yule dada wa kiti cha mbele aliweka simu chini. Nilikaribia kumsamehe.

Halafu tukafika Poor Valley, bonde la kwao akina Carter, akatoa ubao wenye ukoo mzima, akasema A.P. alizunguka milima hii peke yake akikusanya nyimbo za wazee.

Peke yake!

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikauliza, na Lesley Riddle? Akajibu, "Ziara hii ni ya familia, rafiki. Hayo hayamo." Akaendelea na ubao.

Jamani. Riddle alikuwa Mwafrika Mmarekani wa North Carolina, mpiga gita aliyekuwa amepoteza mguu mmoja na vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikutana na A.P. mjini Kingsport, wakawa wanasafiri pamoja kutafuta nyimbo. A.P. anaandika maneno, Riddle anashika sauti kichwani, maana kinasa sauti hawakuwa nacho, basi kinasa sauti kilikuwa ni yeye. Wakirudi nyumbani anawapigia, nao wanajifunza. Maybelle naye alijifunza gita kwake, na hakuficha: ndiye aliyemtajia Mike Seeger, mwanamuziki na mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, habari za Riddle, na miaka ya 1960 Seeger akamfuata Rochester, New York, alikokuwa amehamia, akamrekodi. Yaani familia yenyewe inamtaja, dereva wa vani ndiye anayemficha.

Na kilichonichoma zaidi ni ubao wenyewe. Una mabinti wa Maybelle, Helen, June na Anita, sawa. Una Carlene, binti wa June na Carl Smith, sawa. Una John Carter Cash, mwana wa June na Johnny Cash, nyota wa kantri, sawa kabisa. Halafu una Rosanne Cash, na chini yake ameandikwa mjukuu wa Maybelle. Rosanne ni mtoto wa Johnny Cash na mke wake wa kwanza, Vivian! Tone la damu ya Carter hana. Aliingia kwa sababu baba yake alimwoa June mwaka 1968, na kwa sababu kwenye safari za maonyesho Helen na Maybelle walikaa naye wakamfundisha gita. Mimi nakubali awepo, tena awekwe juu. Lakini kama aliyefundishwa na Maybelle anaingia kwenye ubao, aliyemfundisha Maybelle anatolewaje? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa heshima. Akatazama saa.

Kwetu Kenya Johnstone Mukabi anapiga omutibo, mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya, wa baba yake, George Mukabi, na sijawahi kusikia mtu akisema hayo ni mambo ya ndani, usiulize walijifunza wapi. Basi tuyaache.

Sasa usiku. Hapa ndipo nyota zangu zinapovurugika. Pale Carter Family Fold, ukumbi wa muziki alioanzisha Janette, binti wa A.P. na Sara, mwaka 1974 dukani kwa baba yake, na sasa unaoendeshwa na binti yake Rita Forrester, gita la umeme halipandi jukwaani na pombe haiuzwi. Watu wanashuka kucheza mbele ya jukwaa na viatu vyenye vyuma kwenye soli, ta-ta-ta-ta, wajukuu na mababu pamoja. Mama mmoja wa makamo ya shangazi yangu alinivuta mkono bila kuniuliza kama nimepotea. Nilicheza! Mzee niliyekaa naye alinionyesha alipoketi Johnny Cash mwezi Julai 2003, June akiwa amefariki Mei tu, akaimba kwa mara ya mwisho mbele ya watu kabla naye hajafa Septemba. Nikamuuliza mzee huyo habari za Riddle. Alinihadithia mpaka bendi ikapumzika ikarudi.

Ningeandika usiku ule, ningetoa nyota nne, pengine tano.

Bahati mbaya kulikuwa na safari ya kurudi. Mwongozaji akapitisha kofia ya bakshishi, ilipofika kwangu akaniambia, "Haya, utakuwa na la kuwaambia wenzako Afrika." Nikaipitisha kofia kwa jirani. Niliandikia kampuni barua pepe ndefu, yenye adabu kuliko hii. Walijibu baada ya muda kwamba wanathamini maoni yangu na wananipa punguzo kwenye ziara ijayo. Kuhusu Riddle, hata herufi.

Nyota mbili, basi. Hapana, moja na nusu, kama mtandao ungeruhusu. Ila msisome hii mkakosa kwenda Hiltons: kodini gari lenu, nendeni Jumamosi, mfike mapema mpate viti vya karibu na wachezaji.