Kauntabuku ya kwaya mbili: inamfaa mwandishi mwenye ajira?

Kila mapokezi ya ofisi yana kauntabuku: jalada gumu, utepe wa kitambaa mgongoni, majina ya wageni na saa walizoingia. Ndiyo hiyo hiyo tunayoipima hapa, ila kwa kazi nyingine. Je, inafaa kuandikia riwaya ukiwa na ajira ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni? Kwa rasimu ya kwanza, inafaa kuliko simu na kuliko kompyuta, hasa kwa mtu ambaye kutwa nzima macho yake yako kwenye kioo. Haina meseji ya bosi wala kundi la WhatsApp la idara. Kasoro yake kubwa ni moja: kila neno utaliandika mara mbili.

Kwaya ni kipimo cha unene wa daftari: moja ina kurasa 96, mbili 192, tatu 288, nne 384. Chukua ya kwaya mbili, saizi ya A4. Ya kwaya nne inalemea begi, na ukifika mistari ya chini kiganja kinaning'inia ukingoni kwa sababu ya unene. Ya kwaya moja inaisha hadithi ikiwa ndiyo kwanza imechanganya. Bei inatofautiana duka kwa duka, lakini haifikii bando la mwezi.

Usilipe kabla hujaifungua. Tafuta katikati ya kitita chochote cha karatasi: ukiona uzi, imeshonwa. Usipouona mahali popote, imeshikwa na gundi tu, na daftari la gundi likilazwa wazi mezani kila mchana huanza kuachia karatasi za katikati kabla hujalimaliza. Halafu omba ruhusa ya kuandika mstari mmoja ukurasa wa mwisho kwa peni utakayoitumia, ugeuze. Kama maneno yanasomeka kwa nyuma, rudisha. Peni ya kawaida ya bei ya chini ndiyo inayofaa. Ya jeli inateleza vizuri, lakini jasho la kiganja au tone la mvua likiigusa, sentensi nzima inakuwa wingu. Na Dar es Salaam ya Februari kiganja kikavu utakipata wapi?

Siku ya kwanza usiandike hadithi. Andika namba za kurasa, moja hadi 192, kazi ya dakika kumi hivi. Bila namba, baada ya miezi miwili hutajua mhusika alivunjika mguu ukurasa gani. Kisha andika upande wa kulia tu. Upande wa kushoto uache mtupu kwa masahihisho, sentensi mbadala, umri wa wahusika, na lile wazo linalokujia ukiwa kwenye kikao cha bajeti. Wanaojaza pande zote mbili kwa kubana matumizi hujuta wakati wa kuchapa, maana mishale na nyota zinapishana hadi mwandishi mwenyewe hajui kipi kinatangulia.

Sasa hesabu. Ukurasa wa A4 una mistari 30 hivi. Kiswahili kina maneno marefu ("hawatamsikiliza" ni neno moja tu kwenye hesabu), kwa hiyo weka wastani wa maneno saba kwa mstari: 210 kwa ukurasa. Kurasa 96 za kulia zinakupa kama maneno 20,000. Riwaya fupi ya maneno 40,000 ni kauntabuku mbili.

Ukurasa mmoja wa kubuni, si wa kunakili, unakula dakika 20 hadi 25. Mapumziko ya mchana ya saa nzima yanatosha kula kwanza, kuandika ukurasa mmoja, na kurudi kwenye meza yako bila kukimbizana. Kurasa tano kwa wiki zinamaliza kauntabuku kwa wiki 19 hivi. Mwenye zamu za usiku, kama muuguzi au mlinzi, asihesabu kwa siku. Ahesabu kurasa tano kati ya Jumatatu na Jumapili, zije lini zije. Kuandikia ndani ya daladala usijisumbue, mwandiko wa kwenye matuta hausomeki hata na aliyeuandika.

Dakika mbili za mwisho ni muhimu kuliko zote. Kabla hujafunga, andika upande wa kushoto maneno matatu ya kitakachofuata, mfano "Mama anakuta barua". Kesho yake mchana kichwa kitakuwa kimejaa ankara na ripoti, na bila maneno hayo utapoteza robo saa ukisoma ulichoandika jana na kurekebisha nukta na mikato. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wakidhani wameishiwa mawazo.

Turudi kwenye ile kasoro. Hakuna mchapishaji atakayepokea kauntabuku, lazima ichapwe. Kwa kasi ya maneno 25 kwa dakika, maneno 20,000 ni zaidi ya saa 13. Ukisubiri daftari lijae, kiporo hicho kitakushinda, na hadithi itabaki kabatini. Ukichapa kila Jumamosi kurasa tano za wiki hiyo, ni dakika 42. Na usinakili kama karani: hapo ndipo pa kukata sentensi iliyorefuka na kubadili mazungumzo yasiyosemeka. Ukifanya hivyo, kuandika mara mbili si hasara tena, kwa sababu umeshapata rasimu ya pili.

Njia ya mkato ya kuchapa ipo, kuisomea simu ikuandikie, ila si ya kila kitu. Gboard, kibodi ya Google ya simu, inasikia Kiswahili tangu 2017, cha Tanzania na cha Kenya. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, bonyeza kipaza sauti, soma kwa mafungu mafupi. Ukinyamaza muda kidogo inajizima, usitegemee ikuwekee nukta na alama za kufungua na kufunga semi, na majina ya watu hasa inayabuni yenyewe. Masimulizi yanapita vizuri. Mazungumzo ni heri kuyachapa kwa vidole. Ushairi usijaribu kabisa, mizani na vina vitavurugika mistari miwili tu.

Faili lenyewe liweke kwenye akaunti yako binafsi, si ya ofisi. Akaunti ya kazini ni ya mwajiri, siku ukiondoka inafungwa pamoja na sura zako 12. Kompyuta ya ofisi nayo iache. Mikataba mingine ya ajira ina kipengele kinachohusu kazi zilizofanywa kwa vifaa vya kampuni, kisome kwanza. Kauntabuku yako mwenyewe, ndani ya saa yako ya chakula, haina utata wa aina hiyo. Tena kwa mbali inafanana na rejesta, hakuna anayeuliza unajaza nini.

Nakala ya akiba: kila Ijumaa zipige picha kurasa za wiki, zote mbili kulia na kushoto, kwa sehemu ya kuskani iliyo ndani ya programu ya Google Drive. Simama karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, vinginevyo kivuli cha simu kitafunika mistari ya katikati. Kauntabuku ikisahaulika kwenye bajaji, utakuwa umepoteza wiki moja tu.

Iliyokwisha kujaa iandike mgongoni tarehe ya kuanza na ya kumaliza, uipandishe kwenye rafu. Usiiweke sakafuni wala kwenye boksi lililogusa ukuta, mchwa wanaanzia huko.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na zile Jumamosi.