Fensi ya Kubadilishia kwenye Msumeno wa Meza: Ipi Ununue Ukiwa Dar

Ukipita Keko utaona mashine nyingi za kupasulia mbao zimetengenezwa hapa hapa mjini: fremu ya engo, mota, mkanda, bledi kubwa, na juu bati nene. Fensi yake, yaani kile kizuizi ambacho mbao huegemea ili ipasuke kwa upana uleule, ni ubao ulionyooka uliobanwa kwa klempu mbili. Mafundi wanapasua mninga kutwa kwa mtindo huo na vitanda vinauzika. Kama kazi yako ni vitanda na milango ya mbao ngumu, na kila kipande kinapita kwenye randa baada ya kupasuliwa, baki na klempu zako na hela itumie kwenye bledi.

Fensi nzuri huanza kujilipa ukiingia kwenye makabati ya jikoni na ya nguo. MDF (mbao za unga ulioshindiliwa) na plaiwudi hazipigwi randa. Vipande thelathini vikipishana milimita moja moja, utapambana navyo siku ya kufunga milango, mteja akiwa amesimama nyuma yako.

Kabla ya kutaja aina, tazama kitu kimoja tu: fensi inajifunga vipi. Fensi nyingi zinazokuja na mashine za bei ndogo hujifunga mbele na nyuma kwa mpigo. Ukikaza mbele, nyuma inahama. Ukiirekebisha nyuma, kipimo cha mbele kimepotea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Bill Biesemeyer alilimaliza tatizo hilo kwa umbo la herufi T. Kichwa cha fensi ni kipana, kinakaa juu ya reli nene ya mbele, na wenzo mmoja unakikandamiza hapo. Mkia wa nyuma haufungwi popote, umelala tu. Upana wa kichwa ndio unaoifanya fensi iende sambamba na bledi kila unapoihamisha. Karibu fensi zote nzuri zinazouzwa leo zinafuata wazo hilo, na hati miliki yake ilikwisha muda zamani, kwa hiyo hata jirani yako anaweza kuitengeneza.

Na ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa ile ya kutengenezewa hapa hapa mjini.

1. Ya chuma, ya kuagizia kwa fundi

Mafundi vyuma wa Gerezani, au wale wa eneo la SIDO (shirika la viwanda vidogo) Vingunguti, wanaweza kukutengenezea fensi ya umbo la T itakayodumu kuliko mashine yenyewe. Chuma kizito ni faida hapa: haitetemeki na haipindi ukiegemeza karatasi nzima ya plaiwudi. Shida ni kwamba fundi aliyezoea mageti atakutengenezea geti. Lazima umpe maelezo.

Reli ya mbele iwe skwea paipu ya inchi 2 kwa 2, unene wa milimita 3, si ile nyembamba ya madirisha. Ichague mwenyewe dukani: itazame kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha, kisha ilaze juu ya kioo kinene kwa mafundi wa aluminiamu, kwa sababu kioo cha dirisha kimenyooka kuliko karibu kitu chochote utakachokipata mtaani. Kichwa kiwe cha engo nene, upana usipungue inchi 12. Mwili uwe skwea paipu ya 2 kwa 3 iliyosimamishwa kwa upande wake mrefu.

Hapa sasa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: usikubali mwili uchomelewe kwenye kichwa. Joto la kuchomelea huvuta chuma, na kikishapoa hakirudi. Mwili ufungwe kwa boliti nne, matundu yake yawe marefu kidogo ili uweze kuuzungusha hadi uwe sambamba, ndipo ukaze. Palipo lazima kuchomelea, kama masikio ya wenzo, achomelee kwa nukta ndogo ndogo huku na huku akiacha kipoe. Wenzo wenyewe unahitaji kijiduara kilichotobolewa kando ya kitovu chake, ili ukiushusha kiikandamize reli. Hicho mpe mchonga vyuma mwenye mashine. Kwa ndani ya kichwa, sehemu mbili zinazogusa reli ziwekewe skrubu zenye vichwa vya plastiki ngumu. Zitateleza vizuri na ndizo utakazotumia kurekebisha.

Pembeni mwa mwili funga plaiwudi ya milimita 18 yenye fomaika. Ikiliwa na bledi, unabadilisha.

Urefu wa reli utoke kwenye karatasi yenyewe. Plaiwudi ya 8 kwa 4 ina upana wa milimita 1,220, nusu yake ni 610. Ukiwa na nafasi ya inchi 24 na ushee kidogo kulia kwa bledi, unagawa karatasi katikati. Reli ya inchi 50 inapendeza kwenye picha, lakini karakana nyingi za Dar ni banda la mabati lenye friji ya mwenye nyumba pembeni. Utaigonga kiuno kila siku.

2. Ya aluminiamu kutoka China

Hizi ndizo zinazoonekana sana kwenye AliExpress: mwili wa aluminiamu wenye mifereji, reli yake, rula ya milimita, na nyingine zina kifundo cha kusogeza kidogo kidogo. Nyepesi, nadhifu, na mifereji inakuruhusu kufunga vizuizi bila kutoboa. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani mwisho wa wiki, au mwenye meza ndogo isiyobeba chuma kizito, ningeitanguliza hii mbele ya ile ya Gerezani.

Kipimo chake ni kidole gumba. Ifunge, kisha sukuma mkia kwa upande. Ukiona umecheza waziwazi, kichwa ni chembamba mno. Kwa kuwa huwezi kusukuma picha, tafuta vipimo vya kichwa kwenye maelezo kabla ya kulipa. Muuzaji asiyevitoa, mpite. Matundu ya reli hayatalingana na ya meza yako, jiandae kutoboa. Mzigo mrefu kwa ndege ni ghali hata ukiwa mwepesi, hivyo uunganishe na mizigo ya wengine kwa meli kupitia wakala wako wa Guangzhou, na uulize mapema kama bei yake imejumuisha ushuru na VAT ya asilimia 18.

3. Zenye majina, kutoka Marekani

Biesemeyer, Vega, Shop Fox, Incra. Ni nzuri kweli. Ya Incra ya vipimo vya inchi inatumia skrubu ndefu yenye vituo vya sehemu moja ya 32 ya inchi, unarudi kwenye kipimo kilekile kila mara. Lakini mkono wake unatokeza kulia kwa meza na unakula nafasi, na sisi tunapima kwa milimita. Nyingi zimekusudiwa meza za chuma cha kumwaga, zile nzito. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, na ndugu anayekuja na kontena, chukua. Kuilipia usafiri peke yake ili uifunge kwenye fremu ya engo ni kumvalisha punda tandiko la farasi.

Wenye mashine za kubeba ambazo fensi yake inatembea kwa meno pande zote mbili, kama DeWalt DWE7491, msibadilishe chochote.

Yoyote utakayochukua, ipime kwanza. Chomoa waya kwenye umeme, weka alama kwenye jino moja la bledi, pima kutoka jino hilo hadi kwenye fensi likiwa mbele, kisha zungusha bledi lije nyuma upime tena. Vipimo vilingane, au nyuma pazidi kwa unene wa karatasi moja mbili za kawaida. Nyuma pakiwa pembamba, mbao itabanwa kati ya fensi na bledi na itarushwa kifuani kwako. Mninga na mkongo hufunguka au kujifunga zinapopasuliwa, kwa hiyo kwa mbao hizo funga kwenye fensi kipande kifupi kinachoishia karibu na katikati ya bledi, ili mbao ipate pa kupumulia.

Rula ya kubandika nunua inayosomeka kutoka kushoto kwenda kulia, sifuri ikiwa upande wa bledi. Madukani zimo za pande zote mbili na watu huchukua bila kuangalia. Ukibadilisha bledi nyembamba kwa nene, pima kipande kimoja kwa futi kabla ya kuendelea, maana sifuri yako imeshahama.